Kupima sakafu ya bahari kwa nyambizi ndogo inayojiendesha: mwongozo wa safari ya kwanza

Kila anapojiunga mtu mpya na kikosi cha upimaji, maswali huwa yale yale: chombo kinazama kina gani, sona yake (kifaa kinachopiga picha kwa mwangwi wa sauti) inaona umbali gani, na betri yake inakaa saa ngapi. Ni maswali ya haki, na majibu yake yamo katika kurasa za mwanzo za kitabu cha chombo chako. Swali ambalo ni nadra kuulizwa, nalo ndilo linaloamua kama kazi itafaa au itatupwa, ni hili: picha itakapoonyesha kitu kilicholala mchangani, utajuaje kitu hicho kipo wapi? Chini ya maji hakuna GPS, kwa kuwa mawimbi ya redio ya setilaiti hayapenyi, na chombo hukisia mahali kilipo kutokana na mwendo na uelekeo wake. Karibu kila hatua iliyomo humu inahusu kupunguza makosa ya makisio hayo.

Chombo kinachozungumzwa hapa ni kile kidogo chenye umbo la torpedo, ambacho watu wawili hukibeba na mashua ya mpira hukishusha bila winchi. Mfano unaofahamika ni REMUS 100, iliyobuniwa katika Woods Hole Oceanographic Institution nchini Marekani. Kipenyo chake ni sentimita 19, uzito wake hauzidi kilo 40, na huzama hadi mita 100. Mwaka 2003 wanamaji wa Marekani walitumia vyombo vya aina hiyo katika bandari ya Umm Qasr, Iraki, kutafuta mabomu ya majini kabla ya meli za misaada kuingia. Vyombo vya watengenezaji wengine vina tofauti zao, lakini utaratibu wa kazi haupishani sana.

Kabla ya kuanza

Hakikisha una vitu vifuatavyo, na uvikague ukiwa nchi kavu, si ukiwa tayari ndani ya mashua:

- Chombo chenyewe, betri iliyojaa, chaja, na kompyuta yenye programu ya kupanga safari, pamoja na nakala ya mpango katika kompyuta ya pili.
- Ringi za mpira za akiba, grisi ya silikoni, na vitambaa visivyoacha nyuzi.
- Vipande vya farumi, yaani uzito wa kusawazishia chombo, vya gramu 50 na 100, vipande vya povu gumu, na mizani ya kuning'iniza.
- Kifaa cha kupima chumvi na joto la maji kutoka juu hadi chini.
- Chati ya karibuni ya eneo na jedwali la maji kupwa na kujaa.
- Haidrofoni ya kuelekezwa kwa mkono, ya kusikilizia mlio wa chombo majini.
- Redio, upondo wenye ndoana iliyofunikwa mpira, daftari na penseli. Wino hauvumilii maji ya chumvi.

Ruhusa nayo ni sehemu ya vifaa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, katika kifungu cha 19, unahesabu upimaji kuwa miongoni mwa shughuli zinazokiondolea chombo cha kigeni haki ya kupita kwa amani katika bahari ya nchi nyingine, na kifungu cha 20 kinazitaka nyambizi na vyombo vingine vya chini ya maji vipite humo vikiwa juu ya maji na vikionyesha bendera. Hata nje ya mipaka hiyo mambo huweza kuchacha: Desemba 2016 wanamaji wa China walikichukua kifaa cha kupimia maji cha wanamaji wa Marekani katika Bahari ya Kusini ya China, na kukirudisha siku chache baadaye baada ya mvutano wa kidiplomasia. Kwa hiyo pata kibali cha maandishi, waarifu wasimamizi wa bandari, na uombe tangazo kwa mabaharia litolewe mapema.

Hatua za kazi

1. Lisome eneo kabla ya kugusa chombo. Weka alama kwenye chati palipo na miamba, mabaki ya meli, nyaya, mitego na nyavu, kisha chora mstatili wa eneo lako ukiacha nafasi ya kutosha kuzunguka vizuizi hivyo. Angalia pia nguvu ya mkondo. Chombo cha aina hii hufanya kazi kwa mwendo wa mita 1.5 kwa sekunde, yaani takriban noti 3, kwa hiyo mkondo wa mita 1 kwa sekunde unaokipiga usoni hukiachia theluthi moja tu ya mwendo wake. Chagua siku za maji mafu, mkondo unapokuwa dhaifu, wala usishawishike kutoka wakati wa bamvua kwa sababu tu mashua imepatikana siku hiyo.

2. Panga mistari. Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Chombo hupita eneo kwa mistari sambamba, kikienda na kurudi kama mkulima alimaye matuta, na uamuzi wa kwanza ni uelekeo wa mistari hiyo. Ilaze sambamba na mkondo. Ukiukata mkondo kwa upande, chombo hulazimika kugeuza pua ili kisisukumwe nje ya njia, na mkondo wa mita 0.75 kwa sekunde utakifanya kiende mshazari kwa digrii 30, jambo linaloipotosha picha ya sona kiasi kwamba mviringo huonekana kama yai.

Uamuzi wa pili ni upeo wa sona na kimo cha chombo juu ya sakafu. Kanuni ya kazi ni kimo cha asilimia 10 hadi 20 ya upeo. Kwa upeo wa mita 30 kila upande, mita 5 juu ya sakafu zinamfaa anayeanza: vitu vidogo hutoa vivuli virefu vinavyosomeka, yaani sehemu za nyuma yake ambazo sauti haifiki, na bado kuna nafasi ya kukwepa mwinuko wa ghafla. Masafa ya juu ya sona, kama kilohezi 900, huonyesha mambo madogo zaidi lakini mwangwi wake hauendi mbali. Masafa ya chini huenda mbali na kuonyesha machache.

Uamuzi wa tatu ni umbali kati ya mstari na mstari, na ndipo wengi hukosea. Kwa kuwa sona huona mita 30 kila upande, mtu hudhani kwamba mistari ikiachana mita 60 eneo limekamilika. Halijakamilika. Moja kwa moja chini ya chombo kuna ukanda ambao sona ya pembeni haiuoni vizuri, na ni mistari ya jirani pekee inayoweza kuuziba. Kwa upeo wa mita 30, weka mistari kila baada ya mita 25, ili kila ukanda uliofichika uonwe kutoka pande mbili.

Sasa piga hesabu. Eneo la mita 500 kwa 500 litahitaji mistari 21, ambayo ni mita 10,500, na kwa mwendo wa mita 1.5 kwa sekunde hizo ni sekunde 7,000, karibu saa mbili. Ongeza mizunguko ya mwisho wa mistari, kushuka na kupanda, na uhesabu saa mbili na nusu. Ongeza pia mistari miwili au mitatu inayokata mingine yote. Hii huonekana kama anasa, lakini ndiyo itakayokuambia baadaye kama makisio ya mahali yalikuwa sahihi, kwa kuwa kitu kile kile kitaonwa katika safari za uelekeo tofauti. Ikiwa jumla yote inazidi theluthi mbili za chaji ya betri, punguza eneo.

3. Weka mipaka ya usalama katika mpango. Andika kina cha mwisho kinachoruhusiwa, kimo cha chini kabisa juu ya sakafu, na muda ambao ukipita chombo lazima kipande hata kama kazi haijaisha. Amua pia kitafanya nini kikipata hitilafu. Kwa safari ya kwanza, agiza kipande juu na kubaki pale pale kikitoa taarifa. Agizo la kurudi nyumbani lina hatari yake, kwa sababu njia iliyonyooka kurudi ulipo inaweza kupita juu ya fungu au katikati ya mitego.

4. Funga mwili wa chombo. Toa kila ringi ya mpira, ifute, ipitishe kati ya vidole ukitafuta mikwaruzo, kisha ipake grisi kidogo tu, kiasi cha kung'aa. Futa na mfereji inamokaa ringi. Unywele mmoja uliolala juu ya ringi unatosha kuingiza maji kwenye kina cha mita 50, na hutauona bila taa. Baada ya kufunga, nyonya hewa kwa pampu na uache geji itulie kwa muda uliotajwa kwenye kitabu. Ikishuka, fungua na uanze upya, wala usiikaze skrubu zaidi ukitumaini itajirekebisha.

5. Sawazisha farumi kwa maji ya siku hiyo. Chombo kinapaswa kuelea kidogo tu: kikizimwa kipande polepole chenyewe, na kikiwa juu ya maji antena ionekane. Maji yasiyo na chumvi yana uzito wa takriban kilo 1,000 kwa mita moja ya ujazo, na ya bahari karibu kilo 1,025. Chombo kinachochukua nafasi ya lita 37 za maji kikisawazishwa kwenye bwawa na kisha kupelekwa baharini kitaelea zaidi kwa karibu kilo moja, na mapezi yake yatahangaika safari nzima kukilazimisha kishuke. Karibu na mlango wa mto hali hubadilika hata kati ya asubuhi na jioni, kwa hiyo pima chumvi kwanza, ndipo uongeze au uondoe farumi. Kiweke chombo majini na ukitazame kwa ubavu: pua na mkia vikae karibu usawa mmoja.

6. Rekebisha dira. Ukipuuza hatua moja, isiwe hii. Uelekeo ukikosewa kwa digrii 1, chombo hutoka nje ya njia kwa zaidi ya mita 17 katika kila mita 1,000, na hakitajua. Rekebisha dira betri ile ile itakayosafiri ikiwa ndani, kwa kuwa betri na nyaya zina usumaku wao, na ufanye hivyo mbali na gati la chuma, magari na zana.

Niliwahi kurekebisha dira chombo kikiwa juu ya toroli, nikaridhika na namba zilizotoka, tukaenda kazini. Jioni picha zilionyesha nanga mbili za kale, kila moja na mnyororo wenye kona ile ile kama kiwiko cha mkono, zikiwa zimeachana mita 23. Tulishangilia nanga mbili kwa muda, mpaka mmoja wetu alipogundua kwamba moja ilionekana katika mistari ya kwenda na nyingine katika mistari ya kurudi. Nanga ilikuwa moja. Fremu ya toroli ilikuwa ya chuma, na kosa la dira halikuwa sawa katika kila uelekeo.

7. Linganisha saa. Saa ya chombo, ya kompyuta na ya GPS ya mashua zote ziwe katika saa ya dunia (UTC). Tofauti ya dakika moja kwa mwendo wa mita 1.5 kwa sekunde ni mita 90 kwenye ramani.

8. Jaribu kwenye maji mafupi. Fanya mstari mmoja wa mita 50 mahali penye kina cha mita 3 au 4, chombo kikivuta boya dogo kwa kamba nyembamba. Tazama kama kinashikilia kina, kama kinageuka pande zote mbili kwa wepesi ule ule, na kama kinapopanda GPS inakubaliana na makisio yake.

9. Kishushe na ukianzishe. Mashua ionyeshe alama za chombo kisichoweza kukwepa wengine kwa urahisi, yaani duara, almasi na duara, zikiwa wima. Subiri chombo kipate mahali pake kwa GPS kwa uthabiti, ndipo utoe amri ya kuzama.

Kuna mtego hapa usiotajwa sana. Kipima-mwendo cha Dopla, kinachopima mwendo kwa kupiga mwangwi kwenye sakafu, kina upeo wake: kile cha kilohezi 1,200 hufika takriban mita 30. Ukizamisha chombo mahali penye kina cha mita 60, kitashuka bila kuiona sakafu, na muda wote huo mkondo utakuwa unakisukuma bila chenyewe kujua. Dakika mbili katika mkondo wa mita 0.5 kwa sekunde ni mita 60 za kosa, nalo litabaki katika kila mstari utakaofuata. Anzia mahali pafupi, chombo kiishike sakafu tangu mwanzo na kuifuata kuteremka, au weka transponda za sauti, yaani vifaa vinavyoujibu mlio wa chombo, ambazo mahali pake panajulikana.

10. Kaa pembeni wakati wa kazi. Usikifuate chombo kwa injini juu ya kichwa chake. Kelele ya rafadha huingia kwenye sona, na siku kitakapopanda ghafla kitakutana na mashua yako. Simama nje ya mstatili, upande ambao mkondo unaelekea, na uandike daftarini kila taarifa kinayotuma.

11. Kipokee. Zima rafadha ya chombo kwanza, kisha injini ya mashua. Kilete upande wa demani, uliokingwa na upepo, na ukishike kwa mpini wake. Antena na mapezi si vishikio, na zaidi ya nusu ya mapezi niliyoyaona yamevunjika yalivunjwa kwa mikono, si kwa miamba.

12. Suuza, pakua, tazama papo hapo. Kioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, uache betri ipoe kabla ya kuichaji, na upakue data kabla hujaondoka eneo la kazi. Pengo lililoonekana ukiwa bado baharini huzibwa kwa nusu saa. Likionekana ofisini litakugharimu siku nyingine nzima.

13. Soma vivuli. Kivuli hueleza umbo la kitu kuliko mwangwi wenyewe. Kupata urefu wa kitu kwenda juu, zidisha urefu wa kivuli kwa kimo cha chombo, kisha gawanya kwa umbali kutoka sona hadi mwisho wa kivuli. Chombo kikiwa mita 5 juu ya sakafu, na kitu kilicho umbali wa mita 20 kikatoa kivuli cha mita 5, urefu wake ni 5 mara 5 gawanya kwa 25, yaani mita 1. Kipimo hicho si cha bahati nasibu: viwango vya S-44 vya Shirika la Kimataifa la Haidrografia hutaka upimaji wa daraja maalumu ugundue vitu vya mchemraba vyenye upande unaozidi mita 1.

Kwa kila kitu kinachotiliwa shaka, andika mahali, vipimo, saa, na namba za mistari iliyokiona. Kikionekana katika mstari mmoja tu, rudi ukipitie kutoka upande mwingine kabla ya kukiingiza katika ripoti. Kikiwa na umbo la bomu, kazi yako inaishia kwenye kuripoti: usitupe nanga karibu, usipeleke mzamiaji, na uwaachie wataalamu wa kutegua.

Mambo yanapokwenda kombo

*Chombo hakizami, au hukaa juu kikichapa maji kwa rafadha.* Kinaelea kupita kiasi. Rudi hatua ya 5 na upime chumvi tena. Ikiwa farumi iko sawa, tafuta hewa iliyonaswa ndani ya kifuniko cha pua au cha mkia, ambayo mara nyingi hutoka ukikiinamisha chombo majini mara chache.

*Mistari imetoka mirefu kuliko ulivyoipanga, na GPS inaruka chombo kinapopanda.* Angalia chumvi iliyoandikwa katika programu. Mara nyingi imebaki sifuri tangu jaribio la bwawani, na sauti husafiri polepole zaidi katika maji yasiyo na chumvi: katika joto la digrii 25, takriban mita 1,497 kwa sekunde dhidi ya 1,535 baharini. Vipima-mwendo vingi hupiga hesabu kwa kutegemea namba hiyo, na tofauti ya asilimia 2.5 ni zaidi ya mita 12 katika mstari wa mita 500.

*Picha ina michirizi yenye mpangilio, kama matone yanayojirudia.* Ni kelele ya kifaa kingine cha sauti, aghalabu kipima-kina cha mashua yako mwenyewe. Kizime.

*Picha inapinda kama nyoka.* Chombo kinayumba. Ikiwa kinayumba katika maji mafupi tu, ni mawimbi ya juu, kwa hiyo kishushe zaidi au usubiri upepo utulie. Kikiyumba hata kwenye kina, tafuta pezi lililolegea au mwani uliojisokota kwenye rafadha.

*Kimepanda kabla ya wakati.* Soma kumbukumbu kabla ya kukianzisha tena. Kama sababu ni kimo cha chini, huenda kundi la samaki au mwani mrefu umekidanganya kwamba sakafu imesogea. Kama ni kihisio cha maji ndani, hakishuki tena siku hiyo hata kikionekana kikavu.

*Muda umepita na hakijaonekana.* Usianze kuzunguka ovyo. Andika saa, zima injini, tumbukiza haidrofoni na uigeuze taratibu duara zima, ukiandika uelekeo ambao mlio una nguvu zaidi. Sogea mita mia chache pembeni na urudie: mistari miwili inapokatana chatini ndipo pa kutafutia. Ikiwa mlio unatoka mahali pale pale baada ya robo saa, chombo kimenasa chini, pengine kwenye wavu, na utaweka boya hapo na kuita wazamiaji. Ikiwa unahama, kinaelea na mkondo, antena ikiwa imevunjika au imezama, na mtu mmoja asimame mahali pa juu zaidi mashuani akitazama upande ambao mkondo unaelekea.